Masinde Muliro: Mwalimu wa Bungoma, Mzee wa Kitale

Wahenga wetu wa Pwani walinena: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia atapanda nyuma ya chombo, atakwenda mbele, atatazama mawingu na nyota, lakini mwisho wa yote hurudi ngamani, penye shehena na maji ya kutekwa. Methali hii ni ya bahari. Leo twaipeleka bara, mbali na maji ya chumvi, hadi chini ya Mlima Elgon, ili tumpime nayo mwanasiasa mmoja aliyezunguka vyama vitatu na serikali tatu, na kila mara akarudi pale pale alipoanzia.

Wakaaji wa Mwambao, kutoka Lamu hadi Vanga, wakisikia majina ya Kitale na Bungoma, jambo la kwanza linalowajia ni mahindi. Magunia yashushwayo katika soko la Kongowea yametoka huko mengi, na sima tuilayo kwa papa na mchicha imeanzia katika mashamba ya Trans Nzoia. Lakini miji hiyo miwili imetuletea mambo mengine pia ambayo hayatiwi guniani. Imetuletea neno "majimbo", ambalo baba zetu walilipigia kura na wengine wakalipigia kelele. Imetuletea swali la nani mgeni na nani mwenyeji, ambalo Pwani twalijua kwa machungu yake. Na aliyesimama katikati ya mambo hayo yote, kwa miaka thelathini na mitano, ni marehemu Henry Pius Masinde Muliro.

MKUFU WA MEYA

Katika miji ya Kenya, tangu enzi za Mwingereza hadi mwaka 2013, mkubwa wa mji alikuwa ni meya. Alivaa joho na mkufu shingoni, akaketi kiti cha mbele katika sherehe, akafungua masoko na kupokea wageni. Lakini msomaji akumbuke kwamba meya hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Alichaguliwa na madiwani wenziwe, na juu yao alikuwako Waziri wa Serikali za Mitaa. Waziri akikasirika, baraza zima liliweza kwenda na maji. Nairobi yenyewe, mji mkuu wa nchi, baraza lake lilivunjwa mwaka 1983 na mji ukatawaliwa na tume ya kuteuliwa hadi 1992. Na mabaraza ya wilaya yalikwisha kunyang'anywa shule, zahanati na barabara tangu Januari 1970, kazi hizo zikarudishwa mikononi mwa serikali kuu.

Kwa hiyo katika miji kama Kitale na Bungoma, mkufu ulikuwa shingoni mwa mmoja na uzito wa mji ulikuwa begani mwa mwingine. Mtu akitaka shamba, akitaka mwanawe aingie shule, akitaka ushirika wake uandikishwe, hakwenda tu kwa meya. Alikwenda kwa mzee. Na kwa watu wengi wa sehemu hizo, mzee alikuwa Muliro, ambaye watu walimkuta shambani kwake na wakamweleza haja zao kama watu wanavyomweleza mjomba.

Tumtazame basi alitoka wapi mtu huyu.

MWANA WA MATILI

Muliro alizaliwa tarehe 30 Juni 1922 katika kijiji cha Matili, karibu na Kimilili, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Bungoma. Kabila lake ni Wabukusu, walio wengi kabisa miongoni mwa Waluhya. Alifiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na kakaye mkubwa. Akasomeshwa katika shule za misheni ya Kikatoliki, nyingine katika Kenya na nyingine Tororo, ng'ambo ya mpaka wa Uganda.

Watu wake hawakuwa watu wa kunyenyekea. Mwaka 1895, Mwingereza Charles Hobley alipotaka kuwatiisha, Wabukusu walijifungia ndani ya ngome zao za udongo, Lumboka na Chetambe, wakapigana hadi wakashindwa na bunduki. Msomaji wa Pwani ajue kwamba vita hivyo havikuwa mbali na habari zake. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikwisha kufika Mumias, kwa Nabongo Mumia, kabla ya Mwingereza kuweka ofisi, na hapo Mumias ndipo Uislamu uliposhika mizizi katika sehemu za Magharibi. Mpaka leo misikiti ya Mumias yashuhudia safari za wazee wetu.

Tena kuna Masinde mwingine, na wengi huwachanganya. Huyu ni Elijah Masinde, mtu wa Kimilili vile vile, mchezaji hodari wa kandanda katika ujana wake, ambaye alianzisha Dini ya Msambwa na kuwaambia watu wamrudishie mzungu dini yake na wairudie mila yao. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, na watu kadhaa wakafa. Mwaka huo huo serikali ikaipiga marufuku dini hiyo, na Elijah Masinde akahamishwa. Alihamishiwa wapi? Alihamishiwa Lamu. Kisiwa chetu kikawa gereza la nabii wa Kibukusu. Akafungiwa huko na kwingineko kwa miaka zaidi ya kumi. Alifariki mwaka 1987.

Masinde hawa wawili hawakufanana mwendo. Mmoja alitaka kumfukuza mzungu kwa laana na mizimu. Mwingine alishika njia ya kitabu. Mwaka 1949, dunia ikiwa imetoka vitani juzi tu, Muliro alikwenda Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika ya Kusini, katika siku zile zile ambazo utawala wa Makaburu ulikuwa unakaza kamba ya ubaguzi wa rangi. Aliyaona kwa macho yake yale ambayo wengine waliyasoma magazetini. Alirudi Kenya mwaka 1954 akiwa na shahada, na mke wa Kiafrika Kusini, na nchi akaikuta katika hali ya hatari. Akashika kazi ya ualimu.

WANANE WA KWANZA

Machi 1957 Mwingereza aliwaruhusu Waafrika kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Kura yenyewe haikuwa ya wote. Mtu alipimwa kwa elimu, mali na utumishi wake, na mwingine alipata kura zaidi ya moja. Katika Nyanza ya Kaskazini mjumbe aliyekuwako alikuwa W. W. W. Awori, mwandishi wa habari na mwanasiasa mwenye sifa. Muliro, akiwa hajatimiza miaka 35, akasimama naye na akamshinda.

Wakaingia Barazani Waafrika wanane: Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga, Lawrence Oguda, Bernard Mate, James Muimi, Daniel arap Moi, Ronald Ngala wa Pwani, na Masinde Muliro. Wanane hao wakakubaliana jambo moja lililomshangaza Gavana: walikataa vyeo vya uwaziri walivyotengewa na katiba ya wakati ule, wakasema katiba yenyewe haifai na Waafrika waongezewe viti. Na viti vikaongezwa, wakawa kumi na wanne.

Kati ya wanane hao walimu watatu walishikana kama vidole: Ngala, Moi na Muliro. Mwaka 1959 Muliro akaongoza Kenya National Party. Mwaka 1960, baada ya mkutano wa kwanza wa Lancaster House mjini London, vyama vya Waafrika vilipoanza kujipanga kwa ajili ya Uhuru, watatu hao walikutana na wenzao Ngong, mwezi wa Juni, wakaunda KADU. Ngala akawa kiongozi, Muliro akawa makamu wake.

Kisa cha KADU twakijua hapa Pwani kuliko wengi. Chama hicho kilikuwa cha makabila madogo yaliyohofia kumezwa: Wamijikenda, Wakalenjin, Wamaasai, na sehemu kubwa ya Wabukusu. Dawa yao ilikuwa majimbo, yaani kila sehemu iwe na baraza lake, polisi wake, na mamlaka juu ya ardhi yake. Katika miaka ile ile baadhi ya ndugu zetu wa Mwambao walikuwa wanadai ule ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, usiungwe na Kenya. Ngala alilikataa hilo, akawaambia watu kwamba jimbo lenye nguvu ndani ya Kenya litatosha. Muliro wa Kimilili na Ngala wa Kaloleni walisimama jukwaa moja kwa ajili ya neno moja.

Mwaka 1961 KADU ikaingia serikalini, na Muliro akapewa wizara ya biashara.

KITALE NI YA NANI?

Hapa ndipo penye fundo la maisha yake, na msomaji atuwie radhi tukikaa hapa kidogo.

Kitale ni mji uliozaliwa na mlowezi. Trans Nzoia, bonde lile lenye udongo mwekundu na mvua ya kutosha kati ya Elgon na vilima vya Cherangany, iligawiwa Wazungu, hasa maaskari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ikafika mwaka 1926. Mwaka 1956 ikaanzishwa hapo Kenya Seed Company, ambayo mbegu zake za mahindi zilienea Afrika Mashariki yote. Mwafrika alikuwa mfanyakazi tu au skwota. Waliofanya kazi hizo walikuwa Wabukusu wengi sana, na kadhalika Wanandi, Waturkana na wengineo. Na kabla ya mlowezi? Wasabaot na Wapokot husema bonde lile lilikuwa malisho ya ng'ombe wao. Wabukusu nao husema babu zao waliishi na kuzikwa huko.

Mwaka 1962 Tume ya Mipaka ilipozunguka nchi kuchora majimbo, swali likawa Trans Nzoia iwe upande gani. Waluhya walikuwa wameomba watengwe na Nyanza wapate jimbo lao, na ombi hilo likakubaliwa. Ndipo ikazaliwa Magharibi. Muliro na Wabukusu wakataka Kitale na Trans Nzoia viingie humo. Moi na Wakalenjin wakasema hapana, ni mali ya Bonde la Ufa. Walimu wawili waliokuwa chama kimoja, meza moja, neno moja, wakatazamana kwa macho ya kando. Mwisho Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa.

Hebu tafakari, msomaji. Muliro alihubiri majimbo kwa sababu aliamini kila jamii ipate kinga katika ardhi yake. Lakini mstari ulipochorwa, maelfu ya watu wake wakajikuta ng'ambo ya mstari. Kwa hesabu ya majimbo, Mbukusu wa Bungoma alikuwa mwenyeji, na ndugu yake, tumbo moja, aliyelima Kitale, akawa mgeni. Panga lile lile alilolinoa ili limkinge likawa na makali pande mbili. Sisi wa Pwani twapaswa kulielewa jambo hili upesi, maana hapa pia kila mara neno majimbo likitajwa, mwenye duka kutoka bara hufunga mlango mapema.

Muliro alifanya nini? Alihamia kwenye ubishi. Hakubaki Bungoma alikozaliwa na ambako kiti kingekuwa rahisi. Mwaka 1963 akawa mbunge wa Trans Nzoia, na baadaye wa Kitale Mashariki. Huko akawa na shamba, na huko akawahimiza watu wajiunge, wachange fedha, wanunue mashamba ya Wazungu waliokuwa wanaondoka. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu aliyelipa fedha yake na kupata hati yake asiitwe mgeni. Kwa njia hiyo watu wengi wa Bungoma, na wa makabila mengine pia, wakapata ekari zao.

KURA ILIYOMGHARIMU UWAZIRI

Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, majimbo hayakudumu hata mwaka. Fedha zilizuiwa Nairobi, wabunge wakaanza kuhama mmoja mmoja, na Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe. Ngala, Moi na Muliro wakaingia KANU. Wengine walisema wamesaliti, wengine wakasema wametumia busara. Ngala alipata uwaziri, akafariki Desemba 1972 baada ya ajali ya gari, na Pwani ikampoteza msemaji wake mkuu. Moi akapanda hadi Makamu wa Rais. Muliro akawa waziri wa ushirika, kisha wa ujenzi.

Machi 1975 Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliyependwa na maskini kwa kusema wazi juu ya mali na ardhi, aliuawa, na maiti yake ikapatikana katika vilima vya Ngong. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza. Mwenyekiti wake alikuwa mtu wa Bungoma, Elijah Mwangale. Kamati ilileta taarifa kali iliyowagusa wakubwa wa serikali na polisi, na siku ya kupiga kura serikali ikataka taarifa hiyo isikubaliwe.

Waziri ni mtumishi wa serikali, na desturi ni kwamba hupiga kura pamoja nayo au akajiuzulu. Muliro alikuwa amekalia kiti cha waziri, ana gari, ana mlinzi, ana mshahara. Akasimama upande wa taarifa. Pamoja naye walikuwa mawaziri wadogo wawili, John Keen na Peter Kibisu. Taarifa ikapita kwa kura chache, na Rais Kenyatta akawafukuza kazi wote watatu.

Wapo waliomcheka. Wakasema mtu mzima hutupaje mkate wake kwa ajili ya maiti ya mtu wa kabila jingine? Lakini ndipo sifa yake ilipovuka Mto Nzoia ikaenea Kenya nzima. Tangu siku hiyo mtu akimtaja Muliro humtaja kwa neno moja: msimamo.

MLOLONGO NA WAZEE SITA

Miaka iliyofuata haikuwa ya raha. Mwenziwe wa zamani, Moi, alikuwa Rais tangu 1978, na ule ubishi wa Kitale haukusahauliwa. Muliro alipoteza kiti, akakipata tena, akakipoteza tena. Mwaka 1988 KANU ilileta uteuzi wa mlolongo: wapiga kura husimama mstari nyuma ya picha ya mtu wao, mchana kweupe, na ofisa huhesabu vichwa. Aliyepata asilimia 70 alikuwa amepita bila kupingwa. Kila mtu mwenye macho aliona katika sehemu nyingi mstari mrefu ukitangazwa mfupi na mfupi ukitangazwa mrefu. Wazee wengi wakabaki nje ya Bunge.

Agosti 1991 wakajitokeza wanaume sita wakaunda FORD, jumuiya ya kudai demokrasia, idadi yao ikiwa ndogo makusudi ili isihesabiwe kuwa mkutano usio na kibali. Walikuwa Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka, na wa sita ni mtu wetu wa Mombasa, Ahmed Salim Bamahriz. Twapenda kulikumbusha hili kwa sababu vijana wengi wa Pwani hudhani vyama vingi vililetwa na watu wa bara peke yao. La hasha! Jina la Mombasa lilikuwamo tangu siku ya kwanza.

Tarehe 16 Novemba 1991 waliitisha mkutano Kamukunji, Nairobi. Serikali ikaupiga marufuku. Wakaenda. Muliro, karibu miaka 70, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa siku hiyo. Kabla ya mwaka kwisha nchi wahisani zilizuia misaada, na Desemba Bunge likakifuta kile kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee.

MOTO WA MPAKANI

Lakini furaha ya vyama vingi ilikuja na moshi. Tangu Septemba 1991 wanasiasa wa KANU katika Bonde la Ufa walikuwa wanafanya mikutano na kutamka upya neno majimbo, safari hii kwa maana nyingine: wageni warudi kwao. Mwezi uliofuata mapigano yakaanza Nandi, na mwisho wa mwaka na katika 1992 yakafika Trans Nzoia na miteremko ya Elgon upande wa Bungoma. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakalala katika viwanja vya makanisa na masoko. Walioumia walikuwa wa pande zote, lakini wengi walikuwa wale wale walionunua mashamba na wana hati mikononi.

Kamati ya Bunge iliyochunguza mapigano hayo iliongozwa na mbunge wa Pwani, Kennedy Kiliku wa Changamwe. Septemba 1992 ilitoa taarifa, ikahesabu watu 779 waliouawa, na ikawataja wakubwa kuwa wachochezi. Miaka mitano baadaye, Agosti 1997, moto ule ule ukawaka Likoni na Kwale, na karatasi zilizotupwa usiku zilisema maneno yale yale. Angekuwa hai, Muliro asingehitaji mfasiri.

Lakini hakuwa hai. Tarehe 14 Agosti 1992 alirudi kutoka London, alikokwenda kwa shughuli za chama. Aliposhuka uwanja wa ndege wa Nairobi alianguka, na akafariki. Minong'ono haikukosa, maana nchi ilikwisha kuzoea vifo vya ghafla vya wakubwa. Minong'ono si ushahidi, nasi hatuongezi neno.

Katika Wabukusu, Agosti ya kila mwaka wa pili ndiyo msimu wa jando. Vijana huzunguka kwa njuga kuwaalika jamaa, kisha alfajiri hupakwa matope ya mtoni na kutahiriwa wima bila kupepesa jicho. Mwaka 1992 ulikuwa mwaka wa jando. Nyimbo za wavulana zilikuwa zingali hewani habari ya msiba ilipofika Kimilili na Kitale. Tena wana desturi iitwayo kumuse: siku chache baada ya maziko ya mzee, msemaji maalumu husimama mbele ya watu na fimbo yake, akatembea huku na huku, akasimulia ukoo, vita, uhamaji na mapatano, akawaonya walio hai wasigombane juu ya mali na mipaka. Sisi tuna hitima yetu, wao wana kumuse yao, na haja ni moja: maiti aondoke na walio hai waelewane.

Waliobaki hawakuelewana. FORD ikapasuka mapande mawili kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, Odinga akachukua FORD-Kenya, Kenneth Matiba akachukua FORD-Asili, na Moi akapita katikati. Wengi husema Muliro angekuwako angewapatanisha. Labda. Kwetu Mombasa, Islamic Party of Kenya ilinyimwa kuandikishwa, na wafuasi wake wengi wakaipigia kura FORD-Kenya, chama kilichotokana na jasho la mzee wa Kitale.

ALICHOACHA

Michael Kijana Wamalwa wa Kitale alipokea mikoba, akaongoza FORD-Kenya baada ya kifo cha Odinga mwaka 1994, akawa Makamu wa Rais Januari 2003 na kufariki Agosti mwaka huo huo. Chuo kikuu cha Kakamega chaitwa kwa jina la Masinde Muliro. Moses Wetang'ula wa Bungoma, kiongozi wa FORD-Kenya, alichaguliwa Spika wa Bunge la Taifa Septemba 2022.

Na mipaka? Katiba ya 2010 ilizifuta mikoa na mabaraza ya miji, na kuanzia Machi 2013 zikaja kaunti 47. Meya akavua mkufu wake, akaja gavana aliyechaguliwa na wananchi wenyewe. Trans Nzoia imekuwa kaunti peke yake, na Bungoma peke yake. Ule mstari wa 1962 uliowatenga Muliro na Moi haupo tena katika ramani ya utawala. Kitale si ya Magharibi wala si ya Bonde la Ufa. Ni ya Trans Nzoia. Ngala na Muliro wangetabasamu wakiona Mombasa, Kilifi na Bungoma zinakusanya kodi zao na kuajiri waganga wao.

Lakini mstari uliofutwa karatasini bado umo katika midomo ya watu. Kila uchaguzi ukikaribia, Kitale huulizana nani alitangulia, na Likoni huulizana vile vile. Muliro alijaribu majibu mawili katika maisha yake. Katika ujana alisema: tuchore mpaka tuwe salama ndani yake. Katika uzee, kwa kura ya 1975 na kwa miguu yake Kamukunji, alisema: tuwe na sheria moja inayomlinda kila mtu popote alipo. Jibu la kwanza liliwaacha watu wake nje ya uzio. La pili lilimpotezea uwaziri na likamtia korokoroni, lakini ndilo analokumbukwa nalo.

Alikwenda tezi na omo: KADU, KANU, FORD, Cape Town, Lancaster House, London. Marejeo yake yakawa shamba lake la Trans Nzoia, ndipo alipozikwa, katika ardhi aliyoambiwa si yake. Anayepita Kitale kwa shughuli za mahindi na aulize njia ya huko. Wenyeji watamwonyesha, na wageni pia.